Sandarusi ya Ruvu na Fimbo za Kuvulia za Kinole

Mwanzi usiopakwa kitu haudumu Kinole. Mteremko huu wa mashariki wa Uluguru hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mwanzi uliokauka huunyonya unyevu huo hadi ukalegea, ukiupinda, haurudi. Wadudu nao huupekecha kwa ndani wakitafuta wanga, na ukiona unga umemwagika sakafuni, fimbo hiyo imekwisha kuwa kuni. Ndiyo maana mimi, ninayetengeneza fimbo za kuvulia kwa oda, ninaamini kwamba historia ya kazi hii imo katika kile kinachopakwa juu ya mwanzi kuliko katika mwanzi wenyewe.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha, na kwetu Waluguru mjomba ana neno kubwa juu ya mpwa wake. Alikata mianzi iliyokomaa wakati wa kiangazi, akaizamisha kijitoni na kuikandamiza kwa mawe kwa majuma kadhaa ili utamu utoke, kisha akaipandisha darini, juu ya mafiga, ikale moshi. Ilipoteremshwa ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na wadudu waliikimbia. Mwisho aliipaka mafuta ya nyonyo kwa kitambaa. Fimbo zake zilikuwa za kambale na perege: nene, hazina pete, mshipi umefungwa nchani. Kwa kazi ile zilitosha kabisa.

Wateja wangu wanataka zaidi. Wengi wanatoka Morogoro mjini na wanavua bwawa la Mindu. Wanataka pete za kupitishia mshipi, mashine ya kuukunja, na uzi wa rangi uliozungushwa vizuri kwenye kila pete. Uzi huo ndio unaoanza kuharibika. Vanishi ya milango hukauka ikawa ngumu mno, na fimbo inapopinda inapasuka palepale penye pete. Epoksi ya kuchanganya chupa mbili inashika barabara, lakini inakaa nene, inauongezea mwanzi uzito, na jua la bwawani linaigeuza njano. Nikataka kujua mafundi wa zamani walipaka nini kabla ya epoksi kuwapo. Walipaka kopali, ambayo kwetu huitwa sandarusi, na kopali iliyouzwa kwa bei kubwa kuliko zote ilichimbwa kwenye nchi ambayo maji ya vijito vyetu hupita kabla ya kufika baharini.

Vijito vya upande huu vinaingia Ruvu, na Ruvu, ambayo wageni wa karne ya 19 waliijua huko chini kwa jina la Kingani, inamwaga maji karibu na Bagamoyo. Uzaramo wote, na pwani kuelekea Rufiji na Kilwa, una mchanga mwekundu ambamo utomvu wa misandarusi ya kale ulifukiwa. Miti ilianguka na kuoza, utomvu ukabaki ardhini ukizidi kuwa mgumu mpaka, kati ya tomvu zote za asili, ni kaharabu tu iliyoushinda. Kipande kilichooshwa kina vipele vidogovidogo juu, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na mfanyabiashara wa London au Hamburg alikitambua kwa vipele hivyo. Utomvu mpya wa mti ulio hai, chakazi, ulikuwa laini na bei yake ya chini.

Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akaanza kazi Zanzibar akiwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilileta merikani, kitambaa kile cha pamba ambacho hata milimani kwetu kilivaliwa, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuiosha sandarusi kwa maji ya magadi ili ganda litoke. Ikishaoshwa ilikwenda kwa wapika vanishi, na vanishi ikaenda kung'arisha magari ya farasi, samani, na fimbo za kuvulia.

Fimbo bora za zama hizo zilitengenezwa kwa mwanzi uliopasuliwa. Fundi alichonga vijiti sita vyembamba vya pembetatu, akavibandika kwa gundi vikawa fimbo moja ya pande sita, laini nchani na yenye nguvu shinani. Marekani, Hiram Leonard wa Maine alisifika kwa kazi hiyo miaka ya 1870. Uingereza, ndugu wa Hardy walifungua biashara yao Alnwick mwaka 1872. Mianzi ilitoka India, baadaye kusini mwa China. Gundi ya wakati ule iliogopa maji, kwa hiyo uhai wa fimbo yote ulitegemea ngozi nyembamba ya vanishi.

Na aliyeitoa ngozi hiyo ardhini? Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, na katika kitabu chake cha 1860 aliwaeleza wachimbaji wa sandarusi kuwa wavivu, watu wa kuchimba vishimo vifupi na kuhama. Maneno hayo yananiudhi kila ninapoyakumbuka. Mzaramo alikuwa mkulima kwanza. Alichimba kwa jembe wakati mvua imelainisha udongo, katika mchanga unaobomoka ukizidisha kina, na alilipwa kidogo sana kulinganisha na bei ya ng'ambo, baada ya mzigo kupita mikono ya wachuuzi wa pwani na forodha ya Sultani. Mtu wa namna hiyo akihama shimo, anajua anachofanya. Tena jina lililopata sifa ni la kisiwa: duniani kote iliitwa kopali ya Zanzibar, ingawa ilichimbwa bara.

Kuanguka kwa kopali hiyo kulikuwa kwa haraka. Kopali ya misitu ya Kongo ilijaa sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, kisha viwanda vikabuni resini zao wenyewe. Fimbo za fibaglasi zikafuata baada ya Vita Kuu ya Pili; Marekani ilipofunga biashara na China mwaka 1950, mwanzi wenyewe ukaadimika huko. Miaka ya 1970 ikaja kaboni, na epoksi ikatawala.

Vipande vyangu vya sandarusi vililetwa na shemeji yangu anayeishi upande wa Bagamoyo. Chakazi niliiloweka kwenye spiriti; iliyeyuka nusu, na ilipokauka juu ya mwanzi ilibaki ikinata kila joto lilipopanda. Ile ngumu ni kazi nyingine kabisa. Haiyeyuki katika mafuta mpaka kwanza ipikwe yenyewe kwa moto unaozidi nyuzi 300, na katika kupikwa hupoteza karibu robo ya uzito wake kwa moshi. Niliipikia nje, mbali na nyumba na migomba mikavu, katika chungu cha chuma chenye kifuniko na mchanga wa kuzimia moto pembeni. Ilipotulia, niliiondoa motoni na kumimina mafuta ya kitani ya moto kidogo kidogo. Tepentaini iliingia baada ya kupoa.

Nilipaka kwa kidole, safu nyembamba kabisa, nikangoja ikauke, nikapitisha msasa wa maji, nikapaka tena. Fimbo ikipinda, vanishi inapinda nayo. Uzi mwekundu uligeuka kahawia, rangi ambayo mimi naipenda. Anayetaka wekundu wake ubaki, uzi huo upakwe shelaki kwanza. Kwa mianzi ya mjomba nimebakiza maji na moshi, nimeacha mafuta ya nyonyo, kwa kuwa mafuta hayo hayakauki na vanishi haishiki juu yake. Masizi hupanguswa kwa spiriti kabla ya mkono wa kwanza.

Mvuvi wa Mindu anayeacha fimbo juani kutwa nitaendelea kumpakia epoksi: inageuka njano, lakini inastahimili mikwaruzo na akiharibu namrekebishia siku hiyohiyo. Sandarusi ni ya mtu anayeitunza fimbo yake, anayeipangusa na kuining'iniza kivulini. Mmoja amekwisha kuagiza, mwalimu. Nimemwambia angoje masika yaishe, kwa sababu vanishi ya mafuta haikauki sawasawa katika unyevu wa hapa, na mianzi yake bado iko darini.