Mnara wa Siloamu na Mlima wa Igandu

Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kumaliza mlima wa Igandu, mkoani Dodoma. Ikaanza kurudi kinyumenyume, breki hazishiki, mwendo ukazidi kila dakika, hadi ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walipoteza maisha. Miili ililazwa katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, na ndugu wakapita mstari kwa mstari wakitafuta watu wao. Wale ambao hakuna aliyeweza kuwatambua walizikwa Maili Mbili.

Reli ya Kati hubeba nchi nzima. Katika behewa moja hukaa Msukuma anayerudi Mwanza, Muha wa Kigoma, Mnyamwezi, mfanyabiashara wa Tanga. Kwa hiyo maiti asiye na jina alikuwa pia maiti asiye na dini inayojulikana. Alibatizwa? Alitamka shahada? Nani amsomee, na kwa kitabu kipi? Mimi ni Mkristo, na naona swali hilo ni zito kuliko lile tunalolipenda zaidi misibani, la kwa nini Mungu ameruhusu.

Swali la kwa nini, Injili ya Luka imeshalijibu kwa namna inayowaudhi wahubiri wengi. Katika sura ya 13, Yesu anaukumbusha umati juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Haelezi mnara ulianguka kwa nini. Anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Hata hivyo misibani kwetu mara nyingi husikika kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na sentensi hiyo ikishatamkwa watu hunyamaza. Naamini wanaoitamka wanataka kufariji. Lakini breki ni kazi ya watu, na watu hukosea. Kumbebesha Mungu uzembe wa binadamu si unyenyekevu. Ayubu wa sura ya kwanza, aliyepokea msiba kwa sifa, ndiye tunayemnukuu. Ayubu wa sura ya tatu na kuendelea, anayelaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu, tunamficha, ingawa mwisho wa kitabu wanaokemewa ni rafiki zake waliomtetea Mungu kwa hoja nyepesi.

Waislamu nao wamekataa kumshtaki marehemu, ila kwa njia nyingine. Hadithi mashuhuri huwahesabu miongoni mwa mashahidi waliokufa maji, waliokufa kwa tauni na walioangukiwa na jengo. Siloamu inaondoa lawama. Hadithi inaongeza heshima. Kisha sheria inawageukia walio hai. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza wachache, wengine wamesalimika; asipoitekeleza yeyote, jamii nzima ina dhambi. Na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yaliwaza mapema juu ya siku kama ile ya Uwanja wa Jamhuri. Maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wasio Waislamu bila njia ya kuwatenganisha, wote huoshwa na wote huswaliwa, nia ya moyoni ikielekezwa kwa Waislamu. Mtu anaweza kusema hiyo ni hesabu ya kifiqhi tu. Mimi naona ni wema uliowekewa kanuni ili usitegemee hisia za siku ile, maana siku ya msiba mkubwa hisia huchoka kabla ya saa sita mchana.

Upande wetu Wakristo kanuni ya namna hiyo ni dhaifu, lakini simulizi ipo. Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinamweleza mzee uhamishoni Ninawi aliyeambiwa kwamba kuna maiti wa Mwisraeli ametupwa sokoni. Akaacha chakula mezani bila kukionja, akamchukua, akamzika jua lilipozama, huku majirani wakimcheka kwa sababu kazi hiyohiyo iliwahi kumponza. Kanisa Katoliki limeweka kuzika wafu miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili. Tofauti ni kwamba Tobiti anatenda peke yake, kwa moyo wake. Faradhi ya kifaya haingoji mtu mwenye moyo wa Tobiti.

Wagogo, wenyeji wa uwanda wa Dodoma, walikuwa na jibu la tatu, nalo ndilo tulilolitupa haraka zaidi. Msiba usio wa kawaida ulionekana kuwa umeharibu hali ya nchi yote, watu, mifugo na mvua pamoja. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeandika juu yao katika miaka ya 1960, alieleza jinsi wanawake walivyovaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakacheza na kuufukuza uchafu huo hadi nje ya mipaka, upande wa machweo. Hapo hakuna mfiwa na asiye mfiwa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipojikita Mpwapwa kuanzia miaka ya 1870 waliona ushirikina, na nakubali kwamba Mkristo hawezi kuichukua ibada hiyo kama ilivyo. Lakini tulipoiacha tuliacha na wazo lake: kwamba aliyepona naye ameguswa, na ana kazi ya kufanya.

Nisiwapambe wazee wa Kigogo kupita kiasi. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ilifuata majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi Ugogo. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, na wazazi wengine waliweka watoto rehani ili wapate chakula. Msiba haumfanyi mtu kuwa mwema. Unaweza kumvua hata wema aliokuwa nao.

Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka huohuo wa 1917. Mgogo huyu Mkatoliki alikusanya historia, mila na desturi za watu wake, kisha akaiandika Injili kwa utenzi, bahari iliyolelewa na washairi Waislamu wa pwani, na baada yake akaziandika Zaburi vivyo hivyo. Hakuona kwamba imani yake ingepungua kwa kuazima chombo cha jirani. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo: watu wanamlalamikia Mungu usoni, bila kumwacha. Ibada zetu za mazishi hurudia chache, zile za faraja. Ningependa Juni 24 makanisa ya Dodoma yasome zile za malalamiko kwa sauti, katika utenzi wa Mnyampala, na masheikh waalikwe, na wafanyakazi wa reli wakae viti vya mbele pamoja na yatima wa Igandu, ambao sasa ni watu wazima na bado wana la kuuliza.