Silaha Iliyodhaniwa Kuwa Ukurasa wa Kamusi

Miongoni mwa maandishi ya Kiyunani yanayonasibishwa na Heron wa Alexandria mna kitabu kifupi kiitwacho Cheiroballistra, yaani mtambo wa mkononi wa kurushia mishale. Chataja vipande vya chuma na vipimo vyake, lakini maelezo yake yamekatika, na wanakili waliyachafua zaidi. Mwaka 1906 Mjerumani Rudolf Schneider alitoa hukumu kali: hiyo si silaha, bali ni kipande cha kamusi ya vyombo, kwani majina mengi yaliyomo huanza na herufi K: kanones, kleisis, kambestria, kamarion, klimakion, konoidia. Sisi tulio watu wa kamusi twaelewa jinsi hoja hiyo ilivyovutia.

Uta wa kawaida hupata nguvu kwa kupindwa kwa mti. Mtambo huu sivyo. Mikono yake ni migumu, haipindiki. Kila mmoja umechomekwa katikati ya mtita wa kano au nywele zilizosokotwa kwa nguvu ndani ya kiunzi cha chuma. Upote ukivutwa nyuma, mitita huzidi kusokoteka. Ukiachwa, yajisokotoa ghafula na kuusukuma mshale.

Mwaka 1971 Mwingereza Eric Marsden alikirudishia kitabu hicho heshima ya kuwa kitabu cha silaha. Miaka mitatu baadaye Gudea na Baatz wakatangaza vyuma vilivyofukuliwa katika ngome za Kirumi kando ya Danube, nchini Rumania. Huko Orşova palikuwa na upau wenye tao katikati, wa urefu wa kama meta 1.45. Kamarion maana yake ni tao dogo! Neno lililodhaniwa kuwa la kamusi lilikuwa limepata mwili. Upau huo, kusema kweli, ni mkubwa mno kwa silaha ya mkononi. Viunzi vya Gornea, vya karibu sentimeta 14 tu, ndivyo vinavyolingana na jina hilo. Mwaka 1999, katika machimbo ya changarawe karibu na Xanten, Ujerumani, ikaonekana silaha ndogo ya karne ya kwanza, na mbao zake zimesalia.

Hata hivyo kano huoza. Kwa hiyo mafundi wanaounda mitambo hii upya wangali wanabishana: je, mikono ilielekea nje kama ya uta, au ndani, baina ya viunzi? Upana wa upau wa Orşova waipa nguvu rai ya pili, nasi twaelekea huko. Lakini chuma peke yake hakijasema.