Boriti za Rufiji na Joto la Dubai

Mgeni anayefika katika mtaa wa Al Fahidi, kando ya Khor Dubai, huonyeshwa kwanza minara ya upepo. Neno khor ndilo hori letu la Kiswahili, na mnara huo kwa Kiarabu cha huko huitwa barjeel. Ataelezwa, na ni kweli, kwamba ufundi wake uliletwa na wafanyabiashara waliovuka kutoka pwani ya Uajemi, hasa wale wa Bastak na Lingeh, waliohamia Dubai mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi tunamwomba mgeni huyo aingie chumbani, ainue macho, aitazame dari. Huko juu ataona miti imelazwa sambamba, mwembamba kwa mnene. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa: hizo ni boriti.

Ili tuelewe zimefikaje huko, tuanze na joto lenyewe. Kwetu pwani, miezi ya joto kali ni ya kaskazi, na kuanzia Juni hupumzika kwa kipupwe. Dubai ni kinyume. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi kikubwa, kiitwacho qaidh. Mchana joto hupita nyuzi 40, mvua haidondoki, na bado unyevu wa bahari huufanya usiku uwe mzito. Mvua ya mwaka mzima haifiki hata sehemu ya kumi ya ile inyeshayo Unguja.

Kabla ya umeme, kiangazi hicho ndicho kilichopanga maisha. Waliojiweza walihamisha jamaa zao kwenye mashamba ya mitende, wengine mbali hadi Al Ain, kufuata kivuli, maji ya visima na mavuno ya tende. Wanaume wengi walikuwa baharini, kwani miezi hiyohiyo ilikuwa ya al-ghaus al-kabir, uzamiaji mkuu wa lulu. Waliobaki mjini walikaa katika vibanda vya arish, vya makuti ya mtende, ambavyo kuta zake hupitisha upepo. Matajiri walijenga nyumba za matumbawe na jasi zenye kuta nene, na juu yake barjeel wenye uwazi pande nne: upepo ukivuma upande wowote huteremshwa chumbani, na hewa ya moto hutokea upande wa pili.

Usiku watu walipanda kulala juu ya paa. Hapa ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Paa la kubeba jamaa nzima na matandiko yao lahitaji miti ya kutegemewa, na nchi isiyo na mvua haina miti hiyo. Mtende hufaa kwa mengi, lakini jengo la mawe lilitaka mti mgumu, ulionyooka, usioliwa upesi na mchwa. Mti huo ulikuwa mkoko wa Afrika Mashariki. Waarabu wa Ghuba waliuita chandal. Juu yake walitandaza mikeka ya makuti, kisha udongo. Na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba kilifuata kipimo cha mti: upana wa mita 3 hivi, urefu upendavyo. Ndiyo sababu vyumba vya Dubai ya kale na vya Lamu hufanana kama ndugu.

Biashara hiyo ilikwenda kwa musimu. Majahazi na mabumu yaliteremka na kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakileta tende na chumvi, na yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, zilizohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika bumu la Kuwait chini ya nahodha Ali al-Najdi mwaka 1938 na 1939, akashuhudia mabaharia wakipakia boriti katika matope ya delta ya Rufiji. Waliporudi kwao, qaidh ilikuwa imeingia na msimu wa lulu ukiwaita.

Lakini tusiipambe historia hii. Miongoni mwa waliozamia lulu katika bahari ile ya moto walikuwamo watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, waliochukuliwa kwa nguvu utumwani wao au wazazi wao. Bahari iliyopeleka mti wa kivuli ilimpeleka pia mtu asiyepata kivuli.

Mambo yakageuka. Lulu ilianguka katika miaka ya 1930. Kampuni ya umeme ya Dubai ikaundwa mwaka 1959, mafuta yakagunduliwa mwaka 1966, na saruji, nondo na viyoyozi vikafuata. Kenya nayo ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, kwa kuihofia mikoko yake. Sehemu kubwa ya mtaa wa Al Fahidi ilikwisha bomolewa ilipofika miaka ya 1980, kabla ya iliyobaki kuokolewa na kukarabatiwa.

Barjeel imepata heshima yake, na inastahili. Waajemi wametajwa, wafanyabiashara wametajwa. Mkata boriti wa Rufiji na wa Lamu, aliyesimama matopeni maji yakipwa na kujaa, hajatajwa. Wito wetu ni mdogo: nyumba hizo zinapoelezwa kwa wageni, dari nayo ielezwe, na itajwe ilikotoka. Na huku kwetu, wazee waliowahi kukata na kupakia wasikilizwe wangali hai. Watu wa Dubai walilala juu ya miti yetu vizazi kwa vizazi wakitafuta upepo. Hilo ni jambo la kuandikwa na pande zote mbili.