Siku 21 zimepita, vifaranga hawatoki: tatizo liko wapi?
Musitupe mayai yote. Pasueni kwanza moja moja. Yai halina hata mshipa wa damu? Jogoo ndiye wa kuulizwa, ao yai lilikaa sana kabla ya kuingia mashini. Kifaranga mzima ameshikamana na ngozi ya yai? Maji yalikosekana. Huku Likasi, mwezi wa 5 mpaka wa 9, hewa inakauka sana: kuanzia siku ya 18 acheni kugeuza mayai, ongezeni sahani ya maji, na musifungue-fungue kifuniko.

Umeme ukikatika (na mabwawa ya Mwadingusha na Koni hayako mbali!), funikeni mashini na blanketi, tundu za hewa zibaki wazi. Saa chache za baridi mayai yanavumilia. Ukirudi, musipandishe joto ili kufidia: kwa mashini yenye feni ni digrii 37,5 tu, digrii 40 zinaua.