Kuku wa Wyandotte

Wyandotte ni mbegu ya kuku iliyozalishwa Marekani katika miaka ya 1870, hasa katika majimbo ya New York na Wisconsin. Hufugwa kwa nyama na mayai. Mwili wake ni mviringo, kifua kipana, mgongo mfupi. Miguu ni ya manjano na haina manyoya. Upanga wake ni bapa, umejaa vinundu vidogo, na ncha yake ya nyuma inafuata mkunjo wa kisogo. Jogoo aliyekomaa hufikia kilo 3.9 na mtetea karibu kilo 3. Hutaga mayai ya kahawia, takriban 200 kwa mwaka akitunzwa vizuri. Hayo yote yanapatikana kwa mbegu nyingine pia. Kilichompa Wyandotte sifa ni manyoya, na manyoya hayohayo ndiyo yanayomtatiza mfugaji pale kuku anapoumia.

Asili

Waliomzalisha walitaka kuku mkubwa wa shambani mwenye unyoya uliopambwa, wakati huo pambo la namna hiyo likijulikana zaidi kwa Sebright, kuku mdogo wa Kiingereza. Ndiyo maana mwanzoni aliitwa Sebright wa Kimarekani. Uzazi wake haukuandikwa wote, ila wanaotajwa sana kati ya wazazi ni Brahma na Hamburg. Chama cha Wafuga Kuku cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1873, kilimwingiza katika kitabu chake cha viwango mwaka 1883, kwa jina la Wyandotte na kwa rangi moja tu: fedha yenye pindo. Jina ni la Wyandot, taifa la wenyeji wa Amerika Kaskazini, ambalo halikuwa na mkono wowote katika kumzalisha kuku huyu.

Rangi nyingine zilifuata: dhahabu yenye pindo na nyeupe mwaka 1888, kisha nyeusi, manjano iliyoiva, kwale, fedha yenye mistari, Kolumbia mwaka 1905, na buluu mwaka 1977. Rangi ya Kolumbia ilipata jina kutokana na maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Ulaya, hasa Ujerumani na Uholanzi, wafugaji wameongeza rangi nyingi zaidi ya hizo, wengi wakipendelea Wyandotte wa umbo dogo.

Manyoya na rangi zake

Unyoya wa Wyandotte wa fedha umepangwa mithili ya kanga: mji mweupe katikati, pindo jeusi linaloizunguka ncha yote. Pindo linatakiwa liwe jembamba, jeusi lenye mng'ao wa kijani, na lenye upana uleule kuanzia ubavuni mpaka ncha. Ukimshika mtetea mzuri na kuutazama mgongo wake kwa karibu, mapindo yanaungana na kufanya wavu usiokatika. Kwenye ndege wa dhahabu mji ni mwekundu wa kahawia badala ya mweupe.

Kasoro ni nyingi kuliko uzuri, na mwamuzi wa maonyesho anazijua zote. Madoa meusi yanaweza kuvamia mji wa unyoya na kuuchafua. Ukingo mweupe unaweza kutokea nje ya pindo jeusi, kuku akaonekana kama aliyenyunyiziwa unga. Pindo huweza kuwa nene kwenye ncha na kupotea ubavuni, likabaki umbo la mwezi mwandamo. Weupe nao hugeuka umanjano ndege akikaa sana juani, ndiyo sababu wanaofuga kwa mashindano huwajengea kivuli. Kifaranga hahukumiwi mapema: manyoya yake ya kwanza yana michoro iliyovurugika, na pindo la kweli halionekani hadi avae manyoya ya utu uzima.

Mistari ni jambo tofauti na pindo. Kwa mtetea wa rangi ya kwale au ya fedha yenye mistari, kila unyoya una mistari mitatu au zaidi inayofuatana ndani kwa ndani, ikifuata umbo la unyoya wenyewe. Jogoo wa rangi hizo hana mistari hiyo mwilini. Kifua chake ni cheusi, shingo na mgongo vina rangi ya moto au ya fedha. Hapa ndipo ufugaji unapokuwa mgumu, maana jogoo wa kushinda maonyesho na mtetea wa kushinda maonyesho mara nyingi hawatoki kwa wazazi wale wale. Wafugaji wa Marekani na Uingereza waliishia kuweka koo mbili, moja ya kuzalisha majogoo na nyingine ya kuzalisha mitetea. Ni gharama kubwa kwa ajili ya mistari michache, lakini ndivyo mashindano yalivyo.

Ndege wa Kolumbia ni mweupe mwenye kola nyeusi shingoni, mkia mweusi na weusi uliofichika kwenye bawa. Buluu kwa hakika ni kijivu, na haitulii katika uzazi: jogoo wa buluu akipanda mtetea wa buluu, kwa wastani nusu ya vifaranga watakuwa buluu, robo weusi, na robo weupe wenye matone.

Rangi ya fedha na ya dhahabu hurithiwa kwa jinsia. Jogoo wa dhahabu akimpanda mtetea wa fedha, vifaranga madume hutoka na rangi ya fedha na majike hutoka dhahabu. Hivyo jinsia hujulikana siku ya kuanguliwa, jambo lenye faida kubwa kwa anayeuza vifaranga. Ukigeuza jogoo kuwa wa fedha na mtetea wa dhahabu, ujanja huo haufanyi kazi.

Upanga na bei yake

Mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge alitumia panga za kuku kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizogundua Mendel kwenye njegere zinafanya kazi pia kwa wanyama, na upanga bapa kama wa Wyandotte ulikuwa kati ya vielelezo vyake. Upanga bapa hushinda upanga wa kawaida uliosimama. Hata hivyo wazazi wawili wenye upanga bapa wanaweza kupata kifaranga mwenye upanga uliosimama, iwapo kila mmoja wao amebeba jeni la upanga huo kwa siri.

Jogoo aliyerithi upanga bapa kutoka pande zote mbili huwa na mbegu zinazoogelea vibaya, na mayai mengi hayaanguliwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipendekeza sababu: kipande kikubwa cha kromosomu ya 7 kimegeuzwa, na katika kugeuka kimeharibu jeni linalohitajika na mbegu za kiume. Aliyerithi upande mmoja tu hana tatizo hilo. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili hamchinji kila kuku mwenye upanga uliosimama. Humweka kwa ajili ya uzazi, ingawa hawezi kumpeleka kwenye maonyesho. Sababu nyingine ya mayai yasiyo na mbegu ni manyoya mazito ya sehemu ya nyuma, ambayo hupunguzwa kwa mkasi kuzunguka tundu la haja kabla ya msimu wa kuzalisha.

Matunzo

Wyandotte ni kuku wa baridi. Upanga wake mfupi haugandi kwa urahisi na manyoya yake hutunza joto. Kwenye joto mambo hugeuka, kwa kuwa upanga mkubwa ni njia mojawapo ya kuku kupoza damu, na huyu hana. Mfugaji wa Tanga au Mombasa atamwona akihema mdomo wazi saa sita mchana. Nyanda za juu zitamfaa zaidi.

Kwa kuwa ni mzito, fito za kulalia ziwe pana na zisizidi nusu mita kutoka chini, na chini kuwe na maranda ya kutosha. Anayetaga apewe chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18, pamoja na chokaa ya maganda ya chaza. Anapopukutisha manyoya protini iongezwe, kwa sababu unyoya wenyewe karibu wote ni protini.

Kuku aliyejeruhiwa

Tatizo la kwanza ni kuliona jeraha. Manyoya ya Wyandotte hufunika kila kitu: kuku aliyeng'atwa na mbwa anaweza kutembea siku nzima akionekana mzima, na aliyekonda akaonekana mnene. Usimwamini kwa macho. Mshike jioni akiwa ametulia, ingiza vidole chini ya manyoya, pima mfupa wa kidari. Ukiuhisi mkali pande zote mbili, amekonda. Kisha pulizia manyoya yafunguke, kuanzia mgongoni hadi chini ya mabawa na kuzunguka tundu la haja. Usimbane kifua, kwa sababu kuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Kifua kisipopanuka anakosa hewa.

Majeraha ya mara kwa mara hutoka bandani kwenyewe. Jogoo mzito mwenye vipi virefu huchana mgongo na ubavu wa mtetea ampendaye, na tiba yake ni kupunguza vipi, kumvisha mtetea kitambaa cha mgongoni, au kumtenga jogoo. Wenzake nao humdonoa penye damu, kwani wekundu huwavuta, na kidonda cha asubuhi huweza kuwa shimo kufikia jioni.

Aliyeumia awekwe ndani ya tenga lililotandikwa, mahali penye giza kidogo, joto na utulivu, na maji karibu. Mshtuko huua kabla ya kidonda, kwa hiyo asilazimishwe kula. Damu izuiwe kwa kubana na kitambaa safi. Unyoya mchanga uliovunjika hutoa damu nyingi kwa sababu bado una mshipa ndani yake. Damu isipokoma kwa kubanwa, unyoya huo hung'olewa kutoka shinani. Kisha manyoya yanayozunguka kidonda yakatwe, na kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yakimiminwa mpaka uchafu utoke. Aidini iliyozimuliwa inafaa baada ya hapo. Mfupa wa bawa la juu ukiwa umevunjika na kutokeza nje, usimimine maji ndani yake, kwani mfupa huo umeungana na mifuko ya hewa na maji yatafika kwenye mapafu.

Meno ya mbwa na paka huacha vitundu vidogo na vijidudu vingi. Kuku aliyeng'atwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata kama anakula. Kidonda kikaguliwe kila siku kwa ajili ya mayai ya inzi. Mayai ya kuku aliyepewa dawa hayaliwi mpaka muda uliotajwa kwenye dawa upite. Uvimbe wa unyayo wenye kigaga cheusi, ambao huwapata kuku wazito wanaoruka kutoka juu, husababishwa mara nyingi na bakteria Staphylococcus aureus, na usipotibiwa huingia kwenye viungo.

Unyoya uliong'oka huota tena baada ya wiki kadhaa, uliokatwa husubiri msimu wa kupukutisha. Palipoumia sana unyoya mpya huweza kutoka na pindo pungufu au mweupe mtupu. Tenga liwekwe ndani ya banda, wenzake wamwone, la sivyo akirudi watamchukulia kuwa mgeni na kumpiga. Arudishwe usiku kwenye fito, ngozi ikiwa imefunga na hakuna wekundu unaoonekana, na mfugaji awepo alfajiri banda linapofunguliwa.