Ada ya hifadhi za bahari (Mkoa wa Tanga)

Ada ya hifadhi za bahari ni malipo ya kuingia kutembea, kuogelea au kupiga mbizi katika eneo la bahari linalolindwa kisheria. Kwa Tanzania Bara msingi wake ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Kiwango hufuata uraia na makazi ya mtu. Raia hulipa kidogo, kwa shilingi. Mgeni hulipa zaidi. Mkoa hauangaliwi kabisa: mtu wa Mwanza halipi zaidi ya mtu wa Korogwe. Marekani kuna ada zinazotofautisha hata watu wa majimbo. Jimbo la Idaho humtoza mwenye boti kutoka jimbo jingine stika ya bei kubwa kuliko ya mwenyeji, na fedha hizo hugharimia ukaguzi wa boti dhidi ya viumbe vamizi wa majini, kama kome wa quagga.

Chukua safari ya kisiwa cha Maziwe, mbele ya pwani ya Pangani. Mkazi wa Chanika, kata iliyo kitovu cha mji wa Handeni, huenda anaiona bahari kwa mara ya kwanza. Mtalii kutoka Ujerumani amekwisha kupiga mbizi kwingi. Wanapanda mashua moja pale Ushongo, wanakaa ubao mmoja, wanarudi na chumvi ileile mwilini. Stakabadhi zao hazikaribiani. Tofauti hiyo ni ya haki: Mchanika amekwisha kuchangia ulinzi wa bahari kwa kodi zake.

Maziwe yenyewe zamani ilikuwa na mivinje. Miti ikaisha, kisiwa kikaliwa na mawimbi, na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga, hivyo mayai hufukuliwa kwa mkono na kuhamishiwa ufuko wa Ushongo kabla bamvua halijayafikia.

Kaskazini ya hapo, kutoka mlango wa mto Pangani hadi kupita jiji la Tanga, iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya samaki huyo wa kale kunaswa mara kwa mara na majarife ya kina kirefu, hasa karibu na Kigombe. Wavuvi wa vijiji vya pwani hiyo ndio walioambiwa wapi wasitege. Sehemu ya ada inayorudi vijijini ni haki yao, na inapaswa kusomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji, kiasi kwa kiasi.