Avenue Lumumba ya Kalemie: kabla pesa hazijakuja, tujue nyumba ni za nani

Avenue Lumumba, barabara ya maduka ya Kalemie, haikudhoofika kwa kukosa rangi. Ninasema hivyo kwa sababu kila mara tunaposikia habari za msaada wa kutengeneza miji yetu ya zamani, mazungumzo yanaanzia kwenye kuta, paa na taa za barabarani. Historia inatuambia tuanzie pengine: biashara inapita wapi, na nyumba ni za nani.

Kalemie ilianza kama kambi ya askari. Mwisho wa mwaka 1891 kapiteni Mbeljiji Jules Jacques alijenga boma kando ya ziwa Tanganyika, wakati wa vita na wafanyabiashara wa watumwa, akaliita Albertville. Lakini iliyoleta maduka ni reli. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1915 reli ya kampuni ya CFL nayo ikafika Albertville kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, umbali wa kilomita 270 hivi. Tangu hapo mzigo uliweza kutoka Bahari ya Hindi, kuvuka ziwa kwa meli, kisha kupanda treni kwenda ndani ya Kongo. Wafanyabiashara walijenga karibu na bandari na stesheni kwa sababu pesa zilipita hapo.

Tusiipambe hiyo zamani. Wenye maduka makubwa walikuwa Wabeljiji, Wagiriki na Wahindi. Mkongomani alikuwa karani, mpakiaji mizigo au mnunuzi, na jioni alirudi kulala kwenye cité. Baada ya uhuru majina yalibadilika, na mwaka 1966 Albertville ikawa Kalemie. Nyumba nyingi zilibaki mikononi mwa walewale.

Mwaka 1973 mambo yakageuka mara mbili. Tarehe 20 Julai ilitoka sheria ya ardhi, ambayo inatumika hadi leo: udongo wote ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Tarehe 30 Novemba rais Mobutu akatangaza zairianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni wakapewa Wazairwa. Mawazo hayakuwa mabaya, maana ni nani asiyetaka kuona biashara ya nchi mikononi mwa wenyeji? Lakini wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa chama na jamaa zao, si wale makarani waliojua kazi. Waliuza bidhaa walizozikuta kwenye rafu, na wengi hawakuweza kuagiza zingine. Mwaka 1976 Serikali ilirudi nyuma na kukubali wageni warudishiwe sehemu ya mali. Wako waliorudi, na wengine hawakurudi tena.

Ndiyo sababu katika miji yetu parseli moja ya katikati ya mji inaweza kudaiwa na watu watatu: jamaa ya mwenye duka wa zamani, watoto wa yule aliyepewa mwaka 1973, na mpangaji aliyekaa humo miaka 20 akilinda paa lisianguke. Kila mmoja ana karatasi yake.

Halafu ikaja vita. Agosti 1998 Kalemie iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na mji ukakatwa na sehemu kubwa ya nchi. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilicholisha jamaa nyingi, kilikuwa kimekwisha kuanguka. Treni ya SNCC ikawa ya kungojewa, si ya kutegemewa. Biashara haikufa, ila ilitoka ndani ya maduka ikakaa nje. Mama anayeuza ndagala, mafuta na sabuni mbele ya mlango uliofungwa ndiye aliyeiacha barabara hii hai.

Je, pesa zipo? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na majimbo hayajaacha kulalamika kwamba hayapati sehemu hiyo yote. Programu ya maendeleo ya territoire 145 ilianza na shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Hayo ni mahitaji ya kweli. Maduka ya zamani hayakuwekwa mbele, na sidhani mtu anaweza kulaumu.

Pahali pengine wamejaribu njia hii, na tunaweza kujifunza. Marekani, miji midogo iliona maduka yake ya katikati yakifungwa kwa sababu wateja walikimbilia maduka makubwa ya kando ya barabara kuu. Mwaka 1977 shirika la National Trust for Historic Preservation lilichagua miji mitatu ya kujaribia: Galesburg, Hot Springs na Madison. Halikuanza na pesa nyingi za ujenzi. Kila mji uliwekewa mtu mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wenye nyumba, wenye maduka na viongozi wa mji, ili watafute wateja na kutengeneza majengo pamoja. Mwaka 1980 kazi hiyo ikawa ya nchi nzima. Siku hizi serikali yao inatoa pia msaada, unaoitwa Paul Bruhn, kwa majengo ya historia ya vijijini na miji midogo. Anayeupokea anakubali kwa maandishi kwamba jengo litatunzwa.

Lakini kule inajulikana nani wa kutia sahihi. Hapa kwetu, ukileta pesa leo bila kumaliza neno la parseli, utatengeneza paa na kuamsha kesi. Na nyumba ikishapendeza, atajitokeza mwenye karatasi kutoka Lubumbashi au Kinshasa, apandishe bei ya kupanga. Atakayeondolewa kwanza ni yule mama wa mlangoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji msaada mkubwa. Ofisi ya meya na ile ya hati za ardhi ziandike nyumba moja moja: nani anadai, kwa karatasi gani, nani anakaa ndani, nani anauza mbele. Orodha ibandikwe wazi, watu waisome na kuipinga kama iko na makosa. Kisha, kabla franka moja haijatoka, mwenye nyumba akubali kwa maandishi bei ya kupanga kwa miaka kadhaa na nafasi ya wauzaji wa nje.

Wazee waliokuwa makarani kwenye maduka yale mwaka 1973 wamebaki wachache. Wanajua nani alinunua, nani alipewa, nani aliondoka. Waulizwe sasa, wakiwa bado wanaweza kutujibu.